Rimu Iliyopaswa Kukatwa Vipande Viwili

Siku ya tatu tangu rimu ipasuke, Mama Mlio alikuwa bado anafanya mazoezi ya kuomba radhi. Alisimama jikoni kwake asubuhi, chai ikitokota, na mumewe ameketi kwenye kigoda, amekunja nne, akijifanya meneja.

"Haya, tuanze upya," mumewe akasema. "Mama, ilikuwaje ukapitisha rimu yenye ufa?"

"Nilichoka siku ile, bosi. Sikusikia vizuri."

"Punguza ukali. Unaongea kama wao ndio waliokosa. Inamisha kichwa kidogo. Watu huchoka, mke wangu, hata wao wanalijua hilo. Watakuhamishia stoo, utapanga boliti, maisha yataendelea."

Kupanga boliti! Mwanamke aliyekagua rimu za mitambo kwa miaka kumi na minne, leo aambiwe akapange boliti kama anachambua mchele. Lakini Mama Mlio hakubisha. Alimimina chai, akamwekea mumewe kikombe, na moyoni akamshukuru Mungu kwa kumpa mwanamume mpole. Ndiyo, alimshukuru. Tusimcheke, maana hakujua.

Jina la Mama Mlio hakupewa na wazazi. Alipewa na wafanyakazi wa machimbo ya mawe, kwa sababu ya nyundo yake ndogo. Rimu ikivuliwa kwenye mtambo, alikuwa akiisimamisha, anaigonga huku na huku, sikio limetegwa. Rimu nzima hulia, mlio wake ukaenda mbali. Yenye ufa hutoa sauti fupi iliyokufa, kama sufuria kuukuu. Akishasikia, ndipo anachukua brashi ya waya na rangi zake kuhakikisha, lakini watu walikuwa wakiapa kwamba masikio yake hayajawahi kukosea hata mara moja.

Na rimu za mitambo si za kufanyia mzaha. Si kama ya gari dogo, kipande kimoja basi. Hizi ni vipande vinavyoshikana, na kinachovibana visiachane ni pete nene ya chuma inayokaa ndani ya mfereji wake. Tairi likijazwa upepo, kila kitu kinabanwa kwa nguvu ya kutisha. Mfereji ukiwa na ufa, ile pete inasubiri tu siku yake. Ikiruka, inaruka na roho ya mtu.

Jumatatu asubuhi iliruka. Dereva wa kijiko, lile gari kubwa la kuchotea mawe, alikuwa amesimama kando ya gurudumu anamalizia kufunga vifungo vya koti lake. Mlipuko ulisikika hadi kwenye mizani ya kupimia malori. Pete ilimvunja paja mara mbili, ikapita, ikatoboa bati la kibanda cha walinzi. Walimkuta amekaa chini anauliza nani amempiga. Sasa amelala hospitali, mguu umening'inizwa, na madaktari wanasema atatembea lakini hawasemi lini.

Kwenye kipande cha rimu kilichobaki, alama ya Mama Mlio ilionekana wazi: nukta tatu na mstari.

Pale machimboni kulikuwa na utaratibu, na kila mtu aliujua. Rimu isiyo na alama ya mkaguzi haitoki stoo, hata aje nani. Mkaguzi akiipitisha, anaigonga alama kwa kipande chake cha chuma chenye ncha. Akiikataa, anaipaka msalaba mwekundu, inapelekwa kwa fundi wa kuchomelea, naye anaikata kwa moto vipande viwili ili asije mtu akashawishika kuirudisha kazini. Na mkaguzi husimama pale pale mpaka vipande viwili vianguke chini. Rimu iliyopasuka haichomelewi. Moto unakichokesha chuma, unakiacha kinang'aa kwa nje na kimeoza kwa ndani. Hilo hata mfagiaji wa karakana alilijua.

Fundi wa kuchomelea alikuwa mumewe.

Wenzake walimwita Cheche. Walikutana hapo hapo karakanani, yeye Mama Mlio akisimamia ukataji, Cheche akikata, wakataniana miezi sita, wakaoana. Na baada ya harusi Mama Mlio aliacha kusimama. Alikuwa akiipaka rimu msalaba, anaisukuma hadi mlangoni kwa mumewe, anasema "Hii nayo baba, ikate," kisha anaondoka kwenda kwenye kazi nyingine. Nani anamsimamia mume wake kama mfungwa? Watu wangesemaje? Hilo ndilo lilikuwa kosa lake, na lilikuwa kosa kweli, wala mimi sitamtetea.

Basi Alhamisi hiyo kamati ilipanga kukutana saa nane mchana. Meneja, mtu wa usalama kutoka makao makuu, na wazee wawili wa kazi. Unga wake ulikuwa unamwagika, alijua. Lakini kilichomnyima usingizi hakikuwa kazi. Kilikuwa masikio yake. Kwa siku tatu alikuwa akigonga vyombo jikoni, vikombe, masufuria, nondo za dirisha, anasikiliza, anajiuliza ni lini yalianza kumdanganya. Mtu akishaacha kuyaamini masikio yake mwenyewe, abaki na nini?

Saa tatu asubuhi alikwenda machimboni kwa kisingizio cha kurudisha aproni. Akapitiliza hadi stoo.

Bibi Stoo, mtunza stoo, alikuwa mama mnene mwenye miwani ya kamba na maneno ya shombo. "Wewe umesimamishwa kazi," akasema. "Hutakiwi kugusa hata skrubu."

"Sigusi skrubu, dada. Nataka kuiona ile rimu."

"Ili iweje? Ushafanya mazishi, unataka kufukua maiti?"

"Saa nane nakwenda kuinamisha kichwa mbele ya watu. Nataka nijue nainamishia nini."

Bibi Stoo akamtazama juu ya miwani. Kisha akachukua funguo. "Robo saa. Na mimi sijakuona. Nina matatizo ya macho, kila mtu anajua."

Kipande kilikuwa kimelazwa sakafuni juu ya gunia, kikubwa kama beseni la kufulia lililokatwa nusu. Mama Mlio akapiga magoti. Kwanza akaitazama alama yake. Nukta tatu na mstari, sawasawa. Akapitisha kidole. Kidole kikazama.

Akapitisha tena. Yeye hugonga alama kwa wepesi, nukta ya kuonekana tu, kwa sababu hapendi kukijeruhi chuma. Hizi zilikuwa zimechimbwa kwa nyundo ya mtu mwenye haraka, au mwenye hofu.

Akaomba brashi ya waya, Bibi Stoo akampa huku anatazama ukutani. Akasugua mfereji wa pete. Rangi ya njano ikatoka, chini yake rangi nyingine, nzito, mpya. Akasugua mpaka chuma kikatoka uchi, akakipangusa kwa petroli, akapuliza rangi nyekundu ya kutafutia nyufa, akasubiri, akaifuta yote, kisha akapuliza poda nyeupe juu yake. Huo ndio uchawi wake, wala si uchawi: rangi nyekundu inajificha ndani ya ufa, na poda inaivuta nje.

Mistari miwili myembamba ikajichora polepole kwenye weupe, mmoja huku, mwingine kule. Na katikati yake, ukanda laini uliosagwa kwa mashine ukalingana na chuma. Mtu alikuwa ameuchomelea ufa wa zamani, akausawazisha, akapaka rangi. Chuma hakikupasuka palipochomelewa. Kilipasuka pembeni, kushoto na kulia, pale moto ulipokichokesha.

"Mungu wangu," Bibi Stoo akasema, matatizo yake ya macho yakiwa yamepona ghafla. "Hii si ile uliyoikataa mwezi uliopita?"

Ilikuwa yenyewe. Sasa Mama Mlio aliikumbuka, na kovu lake la jiwe ubavuni. Aliigonga, ikatoa sauti iliyokufa. Aliipaka msalaba mwekundu kwa mkono wake. Masikio yake hayakukosea! Furaha ilimpanda ghafla hadi akacheka, mwenyewe, sakafuni. Kisha kicheko kikakatika.

Maana mwisho wa ule ukanda, mashine ya kusagia haikufika vizuri. Palibaki kipande kidogo cha kuchomelea, urefu wa kidole, kimepinda mwishoni kurudi nyuma kuelekea kushoto. Mshono wa fundi wa mkono wa kushoto. Mshono huo huo ulikuwa kwenye geti la nyumbani kwake. Ulikuwa kwenye kitanda anacholalia. Alikuwa akiupangusa vumbi kila Jumamosi kwenye nondo za dirisha la jikoni.

"Unamjua aliyefanya?" Bibi Stoo akauliza kwa sauti ya chini.

Mama Mlio akainuka kutoka sakafuni. Alikumbuka mfuko wa vifaa vyake ulioning'inia nyuma ya mlango wa chumbani, na kile kipande cha chuma cha alama ndani yake. Hakuna mgeni aliyewahi kuingia chumbani mle.

Alimkuta Cheche kwenye banda lake, kofia ya kuchomelea imeinuliwa juu ya kichwa, anapiga mluzi. Alipomwona akatabasamu. "Mbona mapema? Umekuja kuniletea chai?"

"Nimeiona rimu."

Mluzi ukaisha. Akashusha kifaa chake mezani taratibu. "Rimu gani?"

"Usiniulize rimu gani. Nimeisugua. Nimeuona mkono wako."

"Mkono wangu! Mafundi wangapi wanachomelea hapa duniani? Mke wangu, hizi siku tatu hujalala, unaanza kuona mambo..."

"Usithubutu!" Sauti ilimtoka hadi yeye mwenyewe akashtuka. "Usithubutu kuniambia naona mambo. Siku tatu umenifanya niamini nimekuwa kiziwi. Umekaa jikoni kwangu, unakunywa chai yangu, unanifundisha jinsi ya kuomba radhi!"

Cheche akatazama mlangoni, hakuna mtu. Akavua kofia, akakaa juu ya tangi tupu, na ghafla akaonekana mdogo. Ukweli ulimtoka vipande vipande. Kijiko kilikuwa kimelala wiki nzima, rimu mpya ingechukua mwezi na nusu kufika. Meneja alikuja mwenyewe bandani. Hakusema chomelea. Alisema tu, "Kijiko kikiwa kazini Jumatatu, mimi msimamizi wa karakana nimeshampata." Miaka kumi na saba Cheche alikuwa chini ya wasimamizi, wengine aliwafundisha kazi yeye. Aliona mlango umefunguka.

"Nilichomelea vizuri," akasema. "Nilidhani itahimili. Ningelijua..."

"Ulilijua. Wewe ndiye uliyenieleza kwa nini hazichomelewi, wakati unanitongoza."

Cheche akamshika mkono, na hapo ndipo alipoharibu kabisa. "Sikiliza, mama. Sasa limeshatokea. Mimi wakinijua ni kufukuzwa, pengine jela. Wewe ni kuhamishwa tu. Tukilitazama kama familia, hasara ndogo ni ipi? Nilikuwa napanga kukulinda. Ningekuwa msimamizi, ningekurudisha kazini."

Loo! Eti kumlinda. Alimtia shimoni, akamshikia ngazi, akataka ashukuriwe. Mama Mlio akautoa mkono wake. Alitaka kulia, machozi hayakuja. Alitaka kumpiga, mikono ikawa mizito. Ndipo swali likamjia, swali la kazi, la mkaguzi, na lilikuja peke yake.

"Umechomelea ngapi?"

"Hiyo moja tu."

"Nakuuliza kama mkaguzi. Ngapi?"

Cheche akaitazama sakafu. "Mbili."

"Ya pili iko wapi?"

Akaigeuza kofia yake mikononi. "Tipa namba saba," akasema. "Nalo lilikuwa limekosa rimu. Nyuma, kushoto, ya nje."

Tipa namba saba liliendeshwa na mdogo wake Mama Mlio, kitinda mimba wao, aliyekaa nyumbani kwa Mama Mlio na Cheche miaka minne mpaka alipooa. Kila asubuhi alimwita Cheche shemeji kwa kelele kutoka juu ya tipa, na Cheche akamjibu, akampungia mkono, akamtazama anaondoka. Asubuhi ya leo pia. Jana pia. Hata baada ya Jumatatu, baada ya kuona paja la mtu limevunjika, alimpungia mkono akaenda kuchomelea geti.

Mama Mlio hakusubiri neno jingine. Alikimbia hadi kibanda cha mizani, akamnyang'anya karani simu ya upepo kabla hajasema "mama shikamoo".

"Namba saba! Namba saba, uko wapi?"

Mkwaruzo, kisha sauti ya mdogo wake, yenye kutafuna kitu. "Nateremka mlima, nimejaza. Nani huyo? Dada? Si umesimamishwa wewe?"

"Nisikilize, wala usiniulize. Punguza mwendo kwa gia, usikanyage breki kwa nguvu. Ukifika pale tambarare simama, zima, shuka kwa mlango wa kulia. Tembea mbele, usipite nyuma, usilichungulie tairi. Tembea mpaka unione."

"Dada, unanitia..."

"Tembea mpaka unione, mwanangu!"

Hakuwahi kumwita hivyo tangu akiwa mtoto. Ndani ya simu injini ikasikika ikishusha gia. Mama Mlio na karani walisimama wanaitazama barabara ya vumbi, na dakika zile zilikuwa ndefu kuliko siku tatu zote zilizopita. Tipa likatokea kwenye kona, kubwa, limejaa hadi juu, likafika tambarare, likasimama. Mlango wa kulia ukafunguka. Kijana akaruka chini, akaanza kutembea, akaona sura ya dada yake, akaanza kukimbia.

Mama Mlio hakumruhusu mtu kulikaribia lile tipa kwa saa nzima na zaidi, mpaka magurudumu yapoe. Wafanyakazi walikusanyika, wakazuiwa mbali. Kisha akaenda mwenyewe. Akasimama mbele ya tairi, si ubavuni mwake, akanyoosha mkono, akafungua vali ya tairi la nje, kisha ya pacha wake wa ndani. Upepo ulitoka kwa mlio mkali, na hakusogea mpaka ulipokwisha kabisa. Ndipo akapiga magoti na brashi yake. Hakuhitaji rangi wala poda. Ufa ulionekana kwa macho, urefu wa shubiri, umetokeza pembeni mwa ukanda uliosagwa, umeshaanza kutoa kutu.

Meneja alifika na ile kamati nyuma yake, hata saa nane ya kikao chao haijafika. "Kuna nini hapa? Nani amesimamisha tipa?"

"Mimi," Mama Mlio akasema, akainuka, akajipangusa magoti. "Rimu hii nimeikataa mimi mwezi wa pili. Ile ya kijiko nimeikataa mimi mwezi uliopita. Zote zimechomelewa na mume wangu, akazigonga alama yangu bila mimi kujua. Aliambiwa kijiko kikiwa kazini Jumatatu atakuwa msimamizi. Aliyemwambia anajijua."

Mtu wa usalama akageuka kumtazama meneja. Meneja akawa na shughuli ya kukung'uta vumbi kwenye kofia yake.

"Na mimi nina kosa langu," akaendelea. "Natakiwa kusimama mpaka rimu ikatwe. Sikusimama. Nilimwamini. Kwa hiyo alama yangu sasa haina maana. Kuna rimu thelathini na moja zenye nukta tatu na mstari kwenye mitambo yote. Zivuliwe zote, nzima na mbovu, zikaguliwe na mtu mwingine. Mpaka hapo mtambo wowote usitembee."

"Thelathini na moja!" mzee mmoja wa kamati akapiga mluzi. "Mama, si unajiua mwenyewe? Kazi yako ya miaka yote hiyo?"

"Ndiyo hiyo," akasema. "Zivueni."

Mdogo wake alikuwa amekaa kwenye jiwe, kichwa mikononi. Alipoinua uso alikuwa bado hajaelewa. "Dada, umesema nani aliichomelea?"

"Shemeji yako."

Kijana akacheka. Kweli alicheka, kicheko kifupi cha mtu aliyesikia utani mbaya. "Acha hizo, dada. Leo asubuhi tu ameniambia niendeshe salama." Kisha akaiona sura yake, na kicheko kikamfia mdomoni. Mama Mlio alikaa naye kwenye jiwe lile, akamkumbatia, na hapo machozi yaliyogoma tangu asubuhi yakaja yote kwa pamoja.

Cheche hakuja pale barabarani. Alimngojea kwenye geti la karakana, ameshavua nguo za kazi, na walinzi wawili wamesimama hatua chache nyuma yake. Mama Mlio alipopita alimwita kwa sauti ile ile ya nyumbani, ya upole, ya kigodani.

"Mke wangu. Ungesubiri basi tuongee nyumbani."

Akasimama, akamtazama yule mtu.

"Siku tatu tulikuwa nyumbani," akasema.